Wapemba hawakufungwa na chama

Ndugu mwandishi, kuhusu Wapemba umeteleza. Unasema ni watumwa wa chama. Mbona Machi 2019, kiongozi wao Maalim Seif alipotoka chama cha CUF kwenda ACT-Wazalendo, bendera zilishushwa na matawi yakapakwa rangi mpya chapuchapu? Walimfuata nahodha, chombo walikiacha pwani.

Na hao wa msimamo wa kati unaodai hawapo Zanzibar? Julai 2010 kura ya maoni ilipitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66. Kwa jinsi kura za visiwani zilivyokuwa zikigawanyika wakati huo kati ya CCM na CUF, waliosema ndiyo hawawezi kuwa CUF watupu. Wana-CCM wa maridhiano wapo, hata mtaani kwetu, ila vikao vya uteuzi vya chama chao huwapitisha wagombea wenye maneno makali.