Kaole Si Gofu

Washairi wenzangu wakifika Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, hutunga maombolezo. Sishangai: Al-Inkishafi imetufunza kuyalilia majumba ya Pate. Lakini gofu ni nyumba isiyo na mwenyewe, na Kaole ina wenyewe. Msikiti wa karne ya 13 umebaki kuta, naam, na bandari imemezwa na mikoko. Hata hivyo kijiji kipo papo hapo, na kwenye kaburi la Sharifa watu wangali wakija kuomba dua. Kaburi linalozuriwa twaliitaje gofu? Huo, kwangu, ni uvivu wa kalamu. Twahesabu nguzo za makaburi, kisha twaondoka bila kuwauliza wanakijiji wao wenyewe wanapaitaje. Jina hilo ndilo nitakalo kulisoma katika beti zetu.