Njoo na Bahasha ya Dawa

Dada zangu wa Kiomboi, Ikungi, Manyoni na Itigi, nanyi kina baba mnaotumwa dukani: masika malaria inapanda, UTI haziishi, na wengi wetu tunameza dawa kwanza, kupima mimba baadaye. Mistari miwili ikitokea, furaha inaingia na hofu yake: je, nimeshamdhuru mtoto?

Mara nyingi, hapana. Parasetamo kwa kipimo chake haina neno. Dawa mseto ya malaria, ALu, zamani ilikwepwa miezi mitatu ya mwanzo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipitisha hata kwa miezi hiyo, maana malaria yenyewe inaua mama na mimba. Zipo za kuogopwa kweli: valproate ya kifafa, warfarin ya kuyeyusha damu, methotrexate. Thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ilipewa hata wajawazito wenye kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo pungufu.

Lakini kuikata dawa kienyeji ni hatari nyingine. Mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla, anaweza kuanguka motoni palepale jikoni. Dolutegravir ya VVU nayo ilitiliwa shaka mwaka 2018 kutokana na takwimu za Botswana. Takwimu zilizofuata zikaisafisha. Aliyeiacha kwa uvumi alimweka mtoto wake kwenye hatari ya kuambukizwa.

Kinachonikera mimi ni ile bahasha. Vidonge vimekatwa kwa mkasi, jina la dawa limebaki dukani kwenye kipande kingine, juu pameandikwa 2x3, basi. Muuguzi asome nini hapo? Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu, andikeni jina la dawa na miligramu zake, na kabla hamjamkabidhi mwanamke, muulizeni aliona siku zake lini. Likiulizwa kwa sauti ya chini, swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Nawe uliyekwishameza, usikimbilie kuitoa mimba kwa sababu ya hofu. Kusanya bahasha zote, hata mizizi uliyopewa na bibi, kumbuka tarehe ya hedhi yako ya mwisho, uende kituo cha afya wiki hii hii. Usingoje tumbo lionekane. Kwa sera ya serikali, kliniki ya wajawazito kwenye vituo vya umma ni bure.