Mti wa Shea na Usalama wa Kaskazini mwa Uganda

Mnamo Mei 2023, Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi hiyo. Wengi waliliona jambo hilo kuwa ni la mabwana misitu peke yao. Sisi twaliona kuwa ni la usalama, na kwa hiyo lawahusu askari.

Miongoni mwa miti inayoteketezwa kwa mkaa ni shea. Tunda lake huliwa katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno. Kokwa zake hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mafuta hayo hayo ni dawa ya ngozi iliyopasuka. Mkulima afyekapo shamba huuacha mti huo usimame, akapanda mazao kandokando yake. Kuokota kokwa ni kazi ya akina mama, na mapato yake ni yao.

Lakini mti huu huchukua miaka ipatayo 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Aukataye leo hula akiba ya mwanawe.

Kwa nini basi wenyewe wauuze? Jibu limo katika historia. Vita vya kundi la LRA, vilivyoisumbua Acholi kwa takriban miaka 20 hadi 2006, viliwasukuma watu zaidi ya milioni moja makambini. Waliporejea, wengi hawakuwa na ng'ombe wala akiba ya chakula. Walikuwa na ardhi na miti. Mlanguzi mwenye fedha taslimu alipobisha hodi, mwenye njaa hakuwa na nguvu ya kukataa.

Amri ya serikali hubaki karatasi mpaka imfikie askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani. Viongozi wa Acholi wamelalamika hadharani kwamba baadhi ya watu wenye sare waliyalinda malori ya mkaa. Malalamiko ya namna hiyo hudhoofisha imani ya raia, hasa katika nchi iliyotoka vitani. Tena, askari akimkamata mama mwenye gunia moja, na kuliachia lori la tajiri, sheria yenyewe hugeuka kuwa dhuluma.

Funzo kwa majeshi yetu ni dhahiri: kulinda mipaka ni pamoja na kulinda kinachowalisha wananchi ndani ya mipaka hiyo. Askari mwaminifu hulipima lori kwa sheria, wala hatazami cheo cha mwenye lori.