Bastola ya bei nafuu ama ya bei ghali? Hesabu ambayo muuzaji hakupigii

Wakenya wa rika letu walioko Texas, Georgia na Minnesota wana swali ambalo sisi wa Nairobi hatuna nafasi ya kujiuliza: ninunue bastola ya dola 200 ama nijikaze nifike ile ya dola 600? Kule ni swali la kawaida, kama sisi tunavyolinganisha Tecno na Samsung. Unaingia dukani, unaonyeshwa kabati la kioo, unaambiwa bei. Hapa kwetu, msee akiuliza swali hilo kwa sauti ndani ya matatu, abiria watashuka kabla ya steji.

Usidhani halituhusu, lakini. Karibu kila familia mtaani ina mtu majuu, na tangu Septemba 2021 mkazi wa Texas mwenye miaka 21 na kuendelea, asiye na kizuizi cha kisheria, anaweza kutembea na bastola bila leseni ya kuibeba. Binamu yako akiona jirani ana moja, mwenzake wa zamu ya usiku ana moja, naye ataanza kupiga hesabu. Sikumaliza chuo, lakini kujumlisha najua. Wacha tupige hiyo hesabu pamoja, mpaka mwisho.

Pesa inanunua nini

Bei kwanza. Hi-Point C9, inayotengenezwa jimbo la Ohio, huuzwa chini ya dola 200, yaani kama shilingi 26,000. Juu yake kidogo kuna Taurus G3C, ya kampuni ya Brazil, kati ya dola 250 na 300 hivi. Glock 19 inacheza kati ya dola 500 na 650. Ukiwa na doh ya kuchezea, kuna Staccato zinazopita dola 2,000.

Zote zinatumia risasi ya milimita 9, na kanuni ni moja. Ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja. Nguvu ya mlipuko inarudisha sehemu ya juu nyuma, ganda linaruka nje, na risasi nyingine inapanda kutoka kwa magazini. Tofauti iko kwa vile kazi inafanywa. Hi-Point haifungi mtutu wakati wa mlipuko. Inategemea uzito wa sehemu ya juu, ambayo ni aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu. Ndiyo maana ni nzito, karibu gramu 820, na inabeba risasi 8 tu. Glock hufunga mtutu kwa muda mfupi sana kabla ya kuuachilia, sehemu yake ya juu ni chuma, fremu ni plastiki ngumu, na magazini yake ya kawaida inabeba risasi 15.

Kwa hivyo ndiyo, pesa inanunua kitu: uzito mdogo, risasi zaidi, vipuri vinavyopatikana kila kona, na bei nzuri ukiamua kuiuza. Lakini usichanganye bei na ukoo. Gaston Glock, aliyefariki Desemba 2023 akiwa na miaka 94, alikuwa akitengeneza visu na fito za mapazia kabla ya bastola yake ya kwanza kuchaguliwa na jeshi la Austria mwaka 1982. Wajuaji wa wakati huo waliidharau kwa sababu ya plastiki. Leo hao hao ndio wanaiita ya maana.

Rahisi iliwahi kuua

Marekani ina historia ndefu na bastola za bei ya kutupa. Mwaka 1968 sheria ilizuia kuingiza nchini bastola ndogo hafifu kutoka nje, lakini haikugusa zile zinazotengenezwa ndani. Mwanya huo ukaonekana. Kuanzia 1970 kampuni kadhaa karibu na Los Angeles, nyingi zikiwa za familia moja na marafiki zake, zilianza kumwaga sokoni bastola za zinki: Raven, Jennings, Bryco, Lorcin. Zilikuwa bei ambayo hata kijana wa kibarua angeweza.

Moja ya hizo Bryco ilikuwa na kasoro ya kuudhi: ili utoe risasi ndani, lazima kwanza uondoe kitufe cha usalama. Yaani ukitaka kuifanya salama, unaanza kwa kuifanya hatari. Mwaka 1994 mtu mzima alijaribu kuitoa risasi ndani ya nyumba huko California. Ikafyatuka, ikampata mtoto wa miaka 7, akapooza. Mwaka 2003 mahakama iliamua kampuni na mwenyewe walipe karibu dola milioni 24. Kampuni ikakimbilia kufilisika, na aliyekuwa msimamizi wa kiwanda akainunua mitambo na kuendelea kutengeneza bastola kwa jina lingine.

Kilichozima biashara hiyo California ni sheria ya 1999, iliyodai bastola ijaribiwe kwa kuangushwa na kupigwa risasi nyingi kabla ya kuuzwa. Nyingi hazingeweza kupita. Ukiona mtu anasema sheria haziwezi kubadilisha soko, mwonyeshe hilo.

Taurus nayo ilipitia yake. Mwaka 2015 ilikubali kumaliza kesi iliyohusu karibu bastola milioni moja za modeli tisa, zilizodaiwa kuweza kufyatuka zikianguka. Makubaliano yalikuwa ya hadi dola milioni 39, na kampuni haikukubali kosa. Baadhi ya hizo bado ziko kwenye droo za watu na kwenye masoko ya mitumba. Mnunuzi wa bei nafuu ndiye hukutana nazo.

Ghali nayo imeumbuka

Sasa usikimbilie kusema, basi nitanunua ghali nilale usingizi. SIG Sauer P320 ni bastola ya heshima. Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani liliichagua, kwa mkataba wa hadi dola milioni 580. Miezi michache baadaye, Agosti, kampuni ilianza kubadilisha vipuri bure kwa raia baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka.

Malalamiko hayakuisha. Watu wengi, wakiwemo polisi, wamedai bastola hiyo ilifyatuka yenyewe ikiwa kwenye ala. Juni 2024 baraza la mahakama Georgia lilimpa mlalamishi dola milioni 2.3, na Novemba mwaka huo huo lile la Philadelphia likampa mwingine dola milioni 11. SIG inakana kabisa kwamba bastola yake hufyatuka bila triga kuvutwa. Julai 2025, baada ya mwanajeshi kufa katika kambi moja Wyoming, kamandi moja ya jeshi la anga ilisitisha matumizi ya toleo la kijeshi la bastola hiyo. Mwezi uliofuata mwanajeshi mwingine alikamatwa kuhusiana na kifo hicho, na bastola zikarudishwa kazini baada ya ukaguzi. Ona vile mambo si rahisi: hata jeshi lenyewe lilihitaji muda kujua kama tatizo ni chombo ama ni mtu.

Glock nayo imeshtakiwa na jiji la Chicago tangu Machi 2024, kwa madai kwamba muundo wake ni rahisi mno kugeuzwa na wahalifu imimine risasi mfululizo. Oktoba 2025 California ikapitisha sheria ya kuzuia maduka kuuza bastola za muundo huo. Kumbuka bastola haikushtakiwa kwa kuwa hafifu. Imeshtakiwa kwa sababu ya muundo wake.

Funzo ni kwamba bei inakwambia kitu kuhusu malighafi na umaliziaji. Haikwambii kama modeli hiyo, ya mwaka huo, ina tatizo. Hilo utalijua kwa kuangalia nambari ya bastola kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama imerudishwa kiwandani ama inatakiwa kurudishwa.

Hesabu kamili

Tufanye binamu amechagua ya dola 300. Hajamaliza. Boksi la risasi 50 za mazoezi ni kama dola 15. Ili mkono uzoee anahitaji angalau boksi kumi, hiyo ni dola 150. Ala nzuri inayofunika triga, dola 50 hivi. Kisanduku cha chuma chenye kufuli, dola nyingine 50 ama zaidi. Darasa la siku moja, dola 100 kwenda juu. Ile ya 300 imekuwa 650, na bado hajalipia uwanja wa shabaha.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Mtu ananunua Glock ya dola 600, pesa inaisha, inalala chini ya mto bila kufuli na hajawahi kufyatua hata boksi moja. Mwenzake amenunua ya dola 300, akatumia salio kwa darasa na kisanduku. Huyo wa pili yuko mbele sana. Kama pesa yako haitoshi bastola, kufuli na mafunzo kwa pamoja, basi bado huna pesa ya bastola.

Hatari iko ndani ya nyumba

Watu hununua kwa sababu ya mwizi. Takwimu zinasema kitu kingine. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza watu 48,830 kwa risasi, na 26,328 kati yao, zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Utafiti uliochapishwa 2020, uliofuata watu milioni 26 wa California kwa miaka 12, uligundua kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano mara 8 zaidi wa kujiua kwa risasi kuliko wasio nayo. Kwa wanawake ilikuwa mara 35.

Fikiria maisha ya kijana Mkenya kule. Kazi mbili, baridi ya miezi mitano, deni, nyumbani wanaomba pesa, na hakuna wa kuongea naye. Sisi tunajua vile wengi hukauka wakinyamaza. Katika hali hiyo, swali la Hi-Point ama Glock ni dogo. Swali kubwa ni nani yuko ndani ya hiyo nyumba, na usiku wake mbaya zaidi unafanana vipi. Ukijua ndugu yako anapitia hali ngumu, mpigie simu leo, na umuulize waziwazi. Kama tayari anayo, mwombe aitoe nyumbani, ihifadhiwe kwingine kwa njia halali mpaka atulie.

Visa kwanza, bastola baadaye

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakueleza kwa upole. Mwanafunzi mwenye visa ya F-1, kwa kawaida, haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, lakini akipatikana na hatia ya kosa la bunduki anaweza kurudishwa Jomo Kenyatta na begi moja.

Na ile ya “boy wangu ni raia, ataninunulia”? Zii. Kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni kosa la shirikisho, na tangu 2022 kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Fomu ya kununua inakuuliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Inauliza pia kuhusu bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha. Kudanganya kwenye hiyo fomu ni kosa lenyewe.

Na sisi huku?

Kenya hakuna kabati la kioo. Katiba yetu haina kifungu cha haki ya raia kubeba bunduki. Anayetaka huomba leseni kwa bodi ya leseni za bunduki, aeleze sababu, achunguzwe, na serikali inaweza kumwita tena, kama ilivyofanya mwishoni mwa 2018 ilipowaagiza wamiliki wote wakaguliwe upya. Kwa kweli mfumo huu una kasoro yake: mwenye pesa na marafiki wakubwa hupita, mwenye kibanda Kayole anayevamiwa kila wiki hata hajaribu. Hiyo ni dhuluma, na tuiseme.

Lakini dawa yake si bastola ya bei nafuu. Mtaani tunajua mwisho wa njia hiyo. Tumesoma mara ngapi kuhusu kijana aliyepigwa risasi, na kando yake “ikapatikana bastola bandia”? Hata ya mchezo inaweza kukumaliza.

Msimamo wangu ni huu. Binamu akiwa na karatasi zote, akili imetulia na ameshapiga hesabu kamili, achukue ya bei ya kati yenye rekodi inayojulikana, aiangalie nambari yake, na pesa iliyobaki aimalize kwa mafunzo na kufuli. Akiwa mwanafunzi, aachane na hiyo maneno kabisa. Na kama sababu yake ya pekee ni kwamba kila mtu pale kazini anayo, mwambie hizo dola 600 zinatosha kununua kufuli nzuri ya mlango, kamera ya nje, na bado zibaki za kumtumia mama.