Kasi Peke Yake Haitoshi: Mfundisheni Kijana Mpira wa Pili

Wanachuo wenzangu, kwenye kurasa hizi tumezoea kulalamikia bumu lililochelewa, foleni ya hosteli na ahadi za wagombea. Leo naomba niwatoe huko kidogo niwapeleke kwenye besiboli. Najua kuna atakayeguna, "Besiboli tena, bana? Simba na Yanga zimeisha?" Hazijaisha. Ila kule kwetu Mukendo, Musoma mjini, kuna dogo wa miaka 15 mwenye mkono wa ajabu, na watu wazima wanaomzunguka wanampa somo moja tu kila jioni: tupa kwa nguvu zaidi. Jana kwa nguvu, leo kwa nguvu, kesho kwa nguvu. Mimi nasema wanampoteza. Na kwa kuwa sisi wa Elimu ndio tutakaokabidhiwa madogo wa aina hii kesho kutwa, suala hili linatuhusu.

Kwa wasioujua mchezo, niuelezee kwa kifupi. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji aliyeshika gongo (la mti, siyo lile la kunywa). Mpira una uzito wa gramu 145 hivi na umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108. Kazi ya mrushaji ni kuupitisha mpira kwenye eneo la straiki, yaani juu ya kibao cha nyumbani, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, bila mpigaji kuupiga vizuri. Mengine yote uwanjani yanaanzia kwenye mkono wa mtu huyu mmoja.

Tanzania mchezo huu ulianza kujengwa kwa mpangilio mwaka 2012, ukisukumwa na Mjapani Shinya Tomonari aliyekuwa akifanya kazi JICA, ukapitia shule za sekondari. Desemba 2018 ulizinduliwa uwanja wa besiboli pale Azania, Dar es Salaam. Mtaani kwetu mchezo umekuja na vijana waliosoma mbali wakarudi likizo na glavu mbili na mpira mmoja. Siku nyingi madogo wanatumia mpira wa tenisi. Siyo haba, watu wameanzia chini ya hapo.

Jirani zetu Waganda wametutangulia sana. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi ilicheza fainali za dunia za Little League kule Williamsport, Marekani, ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kufika pale. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Baadaye Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma, Mganda mwingine, ambaye sifa yake ya kwanza ni kasi. Habari hizi zimefika Musoma kwa simu, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kinachoonekana kwenye video fupi ni namba ya kasi. Hakuna anayerekodi video ya kijana akijifunza kushika mpira kwa namna tofauti kwa miezi sita. Basi madogo wetu wameamini kwamba kurusha ni kasi, na kasi ndiyo kurusha.

Chukua mfano wa penalti, maana huo kila mtu anaujua. Mchezaji akipiga kulia kila mara, hata apige kombora, kipa atamsoma tu. Penalti ya kwanza ataingia nayo nyavuni, ya pili ataingia nayo, ya tatu ataikuta mikononi. Mrushaji anakutana na mpigaji yuleyule mara tatu au nne kwenye mechi moja. Kama ana mpira wa aina moja, mara ya kwanza mpigaji anashangaa, mara ya pili anahesabu, mara ya tatu anaugonga unapotelea kwenye mahindi ya watu.

Sasa niruhusuni kidogo nitumie Fizikia inayonitoa jasho hapa chuoni. Tuseme dogo wetu anarusha kilomita 110 kwa saa. Akishanyoosha mkono na kuachia, mpira una kama mita 17 za kusafiri. Ukiacha upinzani wa hewa, utafika baada ya sekunde 0.56 hivi. Mpigaji akishauzoea mwendo huo, mwili wake unajipanga wenyewe. Halafu dogo arushe mpira wa kilomita 95 kwa saa, kwa mkono uleule na mwendo uleule wa bega. Huo utafika baada ya sekunde 0.64. Tofauti ni sekunde 0.08 au 0.09, muda usiotosha hata kupepesa jicho. Lakini mpigaji akizungusha gongo kwa saa ya mpira wa kwanza, mpira wa pili bado uko zaidi ya mita mbili mbele yake. Atachapa hewa. Na ajabu ni kwamba amechapwa na mpira wa taratibu.

Huo mpira wa taratibu ndio warushaji wanauita chenjiapu, na ndio ninaosema afundishwe dogo wa Mukendo kabla ya kitu kingine chochote. Siri yake iko kwenye mshiko. Mpira wa kasi unashikwa kwa ncha za vidole viwili, shahada na cha kati, kukatisha mishono. Chenjiapu inazamishwa ndani zaidi ya kiganja, vidole vitatu juu, au kidole gumba na cha shahada vinafanya duara ubavuni mwa mpira. Mkono unakuja kwa nguvu ileile, lakini mpira ulioshikwa hivyo haupokei nguvu yote. Hapo mtu anayekosea ni yule anayepunguza kasi ya mkono ili mpira uende taratibu. Mpigaji mwenye macho anaona mkono umelegea, anasubiri, anakupiga vibaya. Mkono lazima udanganye hadi mwisho.

Wapo watakaonipinga kwa kumtaja Mariano Rivera. Na ni hoja nzito, siwezi kuikwepa. Rivera ni mtoto wa mvuvi kutoka Puerto Caimito, Panama, aliyefanya kazi kwenye boti ya baba yake kabla ya kwenda New York Yankees. Kuanzia mwaka 1997 alitegemea karibu mpira mmoja tu, ule wa kasi unaokatika kidogo mwishoni. Kwa mpira huo alifunga mechi 652 zikiwa salama mkononi mwa timu yake, rekodi ya ligi kuu ya Marekani, na mwaka 2019 akawa mtu wa kwanza kupigiwa kura na wote, bila hata mmoja kukataa, kuingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Sasa mbona yeye mmoja ulimtosha?

Jibu liko kwenye kazi aliyopewa. Rivera aliletwa mwisho wa mechi, mara nyingi kwa awamu moja tu, akakutana na wapigaji wachache mara moja, akaondoka. Tena aliweza kuuweka mpira ule pale anapotaka, upana wa kidole. Dogo wetu hana mtu wa kumalizia. Timu nzima ni watu tisa na akiba mmoja ambaye leo amekuja, kesho yuko kwenye biashara ya mama yake. Anaanza yeye, anamaliza yeye. Kumpa kanuni ya Rivera ni sawa na kumwambia mvuvi wa Mwigobero aende ziwani na ndoana peke yake. Kwa sangara sawa, ndoana itafanya kazi. Usiku wa dagaa atarudi mikono mitupu, maana dagaa wanataka taa na nyavu za matundu madogo. Ziwa ni lilelile, samaki ndio tofauti.

Kama ni mfano, mimi ningempa wa Trevor Hoffman. Huyu alikuwa na kasi, akaumia bega katikati ya miaka ya 1990, kasi ikapungua. Wengi hapo ndipo hadithi yao inapoishia. Yeye akaishika chenjiapu akaifanya kuwa silaha yake kuu, akafikisha mechi 601 alizookoa. Kasi ilimkimbia, maarifa yakabaki naye. Hata hao vijana wa Uganda, kasi imewafungulia mlango tu. Ukishaingia ndani, kila mpigaji aliye mbele yako amekulia kwenye mipira ya kasi, na kasi yako haimtishi mtu.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na kwangu mimi ndio mzito kuliko ushindi. Ni kiwiko cha mtoto. Pale mtaani, baada ya dogo kuanza kupigwa, mmoja wa wakubwa alimwambia ajifunze mpira wa kupinda, ule unaozungushwa kwa kiganja ili uanguke ghafla. Nia ni njema. Umri ndio hapana, tena kwa mtu ambaye bado hana chenjiapu. Mwongozo wa Pitch Smart, ambao ligi kuu ya Marekani na chama cha besiboli cha nchi hiyo waliutoa mwaka 2014, unasema kijana aanze mipira ya kupinda baada ya kuimarisha mpira wa kasi na chenjiapu. Utaratibu huo una sababu: chenjiapu haihitaji kuzungusha kiganja, hivyo hakuna mzigo mpya kwenye kiwiko, wakati mipira ya kupinda inadai ufundi ambao mtoto asiye na kocha ataubahatisha kwa maumivu.

Na mwongozo huohuo unahesabu. Kijana wa miaka 15 au 16 asizidishe mipira 95 kwa siku. Akirusha 76 au zaidi, apumzike siku nne kabla ya kurusha tena kwenye mechi. Dogo wetu mimi nilimhesabia jioni moja nilipokuwa nyumbani likizo, nikafika 120 nikaacha kuhesabu. Kesho yake alikuwa uwanjani tena, anajishika kiwiko kila baada ya mipira michache na kusema, "Kaka, ni uchovu tu." Uchovu ndio wenyewe! Utafiti wa madaktari wa michezo Marekani umeonyesha kwamba kurusha mkono ukiwa umechoka ni miongoni mwa mambo yanayowapeleka vijana kwenye upasuaji. Kule kuna upasuaji wa kiwiko uliofanywa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974, na warushaji wengi wamerudi uwanjani baada yake. Mukendo hakuna wa kukulipia upasuaji huo. Mkono ukiharibika, umeharibika na ndoo ya maji, na jembe, na kalamu.

Ndiyo maana nasema mpira wa pili ni kinga pia. Mrushaji mwenye kasi tu, akianza kupigwa, njia yake pekee ni kuongeza nguvu. Anakaza, anavunja mwendo wake mzuri, mkono unabeba kazi ambayo miguu na kiuno vilipaswa kubeba. Mwenye mipira miwili akipigwa, anabadilisha mpangilio. Anafikiri kwanza.

Mtaniuliza, bila vifaa tutafundishaje? Mpangilio wangu ni huu, na hauhitaji bajeti. Mwezi wa kwanza mpira wa kasi pekee, lakini kwa shabaha: chora mstatili kwa chaki ukutani, mipira 30 kwa siku, siku tatu kwa wiki, andika mingapi imeingia. Akifikisha 20 kati ya 30, mfundishe chenjiapu, kwanza kwa umbali mfupi mpaka mshiko uzoeleke. Mpira wa tenisi unafaa kwa kuanzia, kwa sababu kazi kubwa hapa inafanywa na kina cha mshiko na mishono inasaidia tu. Halafu weka rafiki asimame alipo mpigaji, bila gongo, akisie kwa sauti mpira kabla haujaachiwa: kasi au taratibu. Akipatia mara nyingi, kuna kitu kinamwonyesha. Rekodi kwa simu, mtazame wote kama ni mkono kulegea au ni glavu inayofunguka. Baada ya hapo, mpira wa kasi wa mishono miwili, ambao ni kubadili mshiko tu ili uzame kidogo. Hiyo mitatu inamtosha hadi amalize sekondari. Mpira wa kupinda usubiri kocha anayeujua.

Najua hoja ya mwisho: anayetafuta vipaji anakuja na kipima kasi, hana kipima akili. Ni kweli, na sisemi dogo aache kujenga kasi. Akue, ale, akimbie, kasi itaongezeka na mwili. Lakini tuwe wakweli, huyo mtafuta vipaji huenda asifike Mukendo kabisa. Dogo atakayebaki pale anastahili kuwa na mkono mzima, mchezo anaoupenda, na akili iliyozoea kupanga mpira wa tatu wakati wa kwanza haujaachiwa.

Wenzangu wa Elimu, muda si mrefu tutatawanyika mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Wengi tutapewa michezo kwa sababu walimu wa kudumu wameikimbia. Popote utakapokuta mtoto anayerusha, iwe mpira wa besiboli, mkuki au wavu, beba daftari. Hesabu mipira yake. Akijishika kiwiko, msimamishe hata kama timu inafungwa. Na kwa viongozi wetu wa michezo wa serikali ya wanafunzi, ombi langu ni dogo: kwenye manunuzi ya muhula ujao ongezeni glavu nne na mipira sita, nasi wa Elimu tutatoa Jumamosi zetu kuwafundisha wanafunzi wa shule zilizo jirani na chuo. Dogo wa Mukendo tayari nimeshamtumia video ya mshiko wa chenjiapu. Amejibu kwamba mpira unamponyoka. Nimemwambia ni kawaida, aendelee, ila leo asizidishe 30.