Sura Yetu Isiwe Shaba ya Pili

Wako wazazi wasemao kwamba binti akishika kamera amepoteza adabu. Twawauliza: mbona hamkasiriki mbele ya michezo ya kigeni katika televisheni, ambamo mara nyingi mwanamke mweusi ni mtumishi tu, asiye na neno la hekima?

Sisi watu wa Likasi twaijua hasara hii. Shaba yachimbwa kwetu, bei hupangwa mbali, nasi twanunua waya. Je, sura za mama zetu nazo wazipangie bei wengine?

Wenzetu wamethubutu. Dorothy Ghettuba aliacha kazi yake Canada, akarudi Nairobi, akaanzisha Spielworks Media, akatengeneza michezo ya televisheni. Mo Abudu wa Nigeria, ambaye kazi yake ilikuwa mambo ya wafanyakazi, alifungua EbonyLife TV mwaka 2013. Hawakungoja kuitwa.

Tena siku hizi hata simu yapiga picha, na intaneti yaipeleka mbali. Basi, mama wanaochangiana likelemba kwa biashara ya unga waweza kuchangiana kwa kamera pia. Nanyi akina baba, msiwazuie binti zenu: waulizeni wataanza lini.