Asiyetaka na Asiyeweza



Wapendwa waamini, kuna aya moja ya Mtume Paulo ambayo hata wasiofungua Biblia wameikariri: ile ya Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya 3, inayohusu kazi na kula. Husomwa vikaoni kila inapotajwa habari ya kumtunza mtu aliyepooza. Paulo, fundi mahema aliyekula jasho lake, aliwakemea wasiotaka kufanya kazi. Wasioweza hakuwagusa. Anayeyachanganya maneno hayo mawili anamsingizia Mtume.

Nasema hivi kwa sababu nchi yetu nayo imeyachanganya.

Chukueni watu wawili. Mmoja ni mwajiriwa wa kiwanda cha tumbaku mjini Morogoro. Mwingine ni mkulima wa Kinole aliyepanda mkarafuu wake kuvuna. Wote wanaanguka, wote wanaumia uti wa mgongo. Wa kwanza analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia. Madaktari hupima kiwango cha ulemavu, na kikizidi asilimia 30 hulipwa pensheni ya kila mwezi. NSSF nayo ina pensheni ya ulemavu kwa mwanachama mwenye michango ya kutosha. Wa pili anaulizwa: mwajiri wako ni nani? Mwajiri wake ni jembe, na jembe halichangii mfuko wowote.

Atakayenijibu kwamba NSSF hupokea hata aliyejiajiri amesema kweli. Basi na apande Mgeta, amwulize mama anayeuza kabichi kwa bei iliyopangwa na dalali, ni mwezi gani anabakiwa na fedha ya mchango, tena miezi mingapi mfululizo.

Wengine watanitajia TASAF. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulifika milimani na kuwafaa wengi, siudharau. Lakini lango lake lilikuwa umaskini wa kaya, wala si mtu kushindwa kufanya kazi. Aliyepooza akilazwa nyumbani kwa shemeji mwenye nyumba ya bati na pikipiki, kaya hiyo haionekani maskini. Yeye anabaki mzigo wa shemeji, na kila sahani anayoletewa inamkumbusha. Na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyotengwa kwa watu wenye ulemavu? Ni mkopo. Hauna riba, naam, lakini hurejeshwa. Asiyeweza kuinuka kitandani ataurejesha kwa biashara gani? Hata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu, inamfaa anayeweza kuajiriwa.

Katiba yenyewe, Ibara ya 11, inaitambua haki ya kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ila Ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Haki imeandikwa, na mlango wa kuidai umefungwa katika kitabu kilekile.

Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliihesabu hifadhi ya asiyeweza kufanya kazi miongoni mwa haki za binadamu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 kuhusu utume wa walei, ulionya kwamba mtu asipewe kama sadaka kile anachostahili kwa haki. Kwa hiyo kilo ya sukari tunayompelekea mgonjwa wakati wa Kwaresima ni njema, lakini tusimfanye aishukuru kana kwamba hatudaiwi tena.

Eti fedha hakuna! Kenya ilianza mwaka 2011 kuzipa ruzuku ya kila mwezi kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumwuliza alichangia nini. Na Zanzibar haina dhahabu ya Geita.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, andikeni majina ya wote katika mtaa au kitongoji chenu ambao ugonjwa au ajali imewaondoa kazini: umri, kazi waliyofanya, anayewatunza sasa. Aliyekuwa na mwajiri tumsaidie kudai fidia yake. Wengine tutawapelekea diwani na mbunge orodha yao, tukiwauliza ni lini pensheni isiyodai michango itaingizwa katika bajeti. Orodha ziletwe ofisi ya parokia kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.